Kiungo cha Arobaini na Moja

Tusekile Mwambene alikisoma kiungo cha arobaini na moja mara tatu, na mara zote tatu chuma kilimjibu kitu kilekile.

Alikuwa mita kumi na nane kutoka ardhini, amejifunga mkanda kwenye reli ya rola kosta ambayo watu wa Mbeya waliiita Tetemesha tangu ilipojengwa. Ukungu wa asubuhi ulikuwa haujaondoka. Chini yake mafundi rangi walikuwa wakipaka nguzo rangi ya chungwa huku redio yao ikipiga kwaya, na kila mara mmoja wao alikuwa akitazama juu kuona kama fundi wa chuma ameshamaliza. Bustani ya Mawingu ilikuwa imefungwa kwa miaka kumi na moja. Ingefunguliwa tena Jumamosi. Leo ilikuwa Alhamisi.

Kisomeo alichokishika kilikuwa kikubwa kama pasi. Ukikibandika juu ya chuma hai, kinakuonyesha kila mzigo uliowahi kupita hapo, siku yake, saa yake, hata sekunde yake. Waliobuni chuma hai hawakukusudia jambo hilo. Walitaka chuma cha madaraja chenye nyuzi ndani yake, ambacho kikipata ufa ukikipitishia umeme kinajiziba chenyewe. Mafundi waliita kazi hiyo kulaza chuma, kwa sababu baada yake chuma hutulia kama mtu aliyepata usingizi baada ya homa. Miaka minne tu iliyopita ndipo ilipogundulika kwamba zile nyuzi hubaki na alama za kila kinachozigusa, na kwamba chuma kikilazwa, alama zote hufutika. Tangu hapo sheria ilitaka madaraja yasomwe kwanza ndipo yalazwe. Kuhusu vyombo vya michezo, sheria haikusema lolote.

Kwa hiyo Tusekile angeweza kulaza bila kusoma. Alisoma kwa mazoea, au ndivyo alivyojiambia wakati anapanda ngazi.

Kwenye kioo cha kisomeo yalionekana matundu sita ya boliti yaliyopangwa kwa duara. Manne yalikuwa mekundu, maana yake chuma kilikuwa kimebanwa sawasawa. La tano na la sita yalikuwa meupe. Hakuna boliti iliyoyabana tangu saa tatu na dakika kumi asubuhi ya Jumamosi moja, miaka kumi na moja nyuma. Baada ya hapo treni ilikuwa imepita mara mia mbili na kumi na mbili, na kila ilipopita kiungo kiliachia kidogo, hadi Jumapili, saa nane na robo mchana, pengo lilipofikia unene wa msumari na gurudumu la behewa la kwanza likajikwaa.

Behewa hilo ndilo alilokuwa amekaa Lugano, binti wa miaka kumi na tisa, siku aliyokufa.

Tusekile alizima kisomeo. Akakiwasha tena. Vidole vyake vilikuwa vimepata ganzi, akavipuliza, kisha akafungua mkanda wake, akautambaza mbele kwenye reli, akaufunga tena, akasogea hadi kwenye breki iliyo kabla ya mteremko. Alitaka kupata kitu kingine, chochote cha kulipunguza lile alilolisoma. Tume iliyochunguza ajali ilisema kwamba mwendeshaji, Mzee Ambakisye Kajuni, alibonyeza breki akiwa amechelewa sekunde mbili, treni ikaingia kwenye kona yenye kiungo cha arobaini na moja ikiwa na kasi mno, na boliti zikakatika kwa kishindo hicho. Mzee mwenyewe alikiri. Alifungwa miaka mitatu.

Chuma cha breki kilisema breki ilishika saa nane, dakika kumi na nne na sekunde thelathini na moja. Hiyo ndiyo sekunde iliyotakiwa. Mzee hakuchelewa.

Upepo ulivuma na mkanda ukalia kwenye reli. Tusekile alikumbuka ile Jumamosi jinsi alivyoikumbuka siku zote. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mwaka wake wa pili kazini, na mvua ilianza akiwa hapahapa, juu ya kiungo hiki, na spana ya kipimo mkononi. Aliteremka kujikinga. Chini alijaza karatasi ya ukaguzi ili isilowe baadaye, akatia sahihi. Mvua ilipokatika, akapanda tena, akamalizia.

Sehemu hiyo ya mwisho alikuwa amejisimulia mara nyingi sana, hata akawa anajiona kabisa akipanda, viatu vikiteleza kwenye ngazi. Sasa alijaribu kujiona tena na hakuona kitu. Alichokiona ni kibanda cha chai, na yeye ndani yake, akisubiri mvua ambayo haikukatika hadi jioni.

*

Mkurugenzi Hezron Kyando alimkuta chini, kando ya mashine ya kulazia. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na kofia yake ya usalama ilikuwa mpya kiasi kwamba bado ilikuwa na karatasi ya dukani.

"Fundi, tumefika wapi?"

"Viungo arobaini nimevilaza jana. Vimebaki kumi na tisa."

"Vizuri. Ukimaliza leo, kesho tunazungusha treni na mifuko ya mchanga, Jumamosi tunaweka watu."

Tusekile alikuwa akihamisha kofia yake kutoka mkono huu kwenda ule. "Cha arobaini na moja nisikilaze kwanza, bosi. Nipe siku mbili."

"Kina ufa?"

"Ufa mdogo tu. Kikilazwa kitaziba."

"Sasa siku mbili za nini?"

Kyando alimtazama, kisha akatazama kisomeo kilichoning'inia kiunoni mwake, na uso wake ukabadilika polepole.

"Umekisoma."

"Ndiyo."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna."

Mkurugenzi alivua kofia, akafuta jasho ambalo halikuwepo. "Sikiliza, fundi. Sitaki kujua umeona nini. Siyo kwamba naogopa. Mimi nimenunua bustani hii mwaka juzi, ajali hainihusu. Lakini Jumamosi utepe utakatwa na watu wawili, Mama Lugano na Mzee Ambakisye, wameshika mkasi mmoja. Niliwafuata mwenyewe, nikidhani watanifukuza, na yule mama ndiye aliyenijibu kwanza. Alisema, twende, kaka, tukafunge jambo hili. Unajua watu wale wamepita wapi mpaka wakafika hapo?"

"Najua." Mbeya nzima ilijua.

"Basi niambie. Hicho ulichokisoma, kitamfufua binti?"

"Hapana."

"Kitamrudishia mzee miaka yake?"

"Hapana, bosi."

"Basi laza chuma." Alivaa kofia. "Ukishindwa sitakulazimisha. Nitampigia fundi wa Iringa, kesho saa sita atakuwa hapa, na yeye hasomi kitu asichoagizwa."

Akaondoka kuelekea kwa mafundi rangi. Tusekile alibaki na mashine. Nyaya zake zilikuwa tayari zimefungwa kwenye kiungo huko juu, kilichobaki kilikuwa swichi moja ya kijani, upana wake kama kidole gumba. Umeme ungepita kwa dakika nne. Nakala iliyokuwa kwenye kisomeo ingebaki, lakini nakala peke yake haikubaliki popote, maana mtu anaweza kuichezea. Ushahidi ulikuwa chuma chenyewe.

Aliweka kidole kwenye swichi. Akakitoa. Akaizunguka mashine, akarudi, akakiweka tena.

Alichosema Kyando kilikuwa na maana, na hilo ndilo lililomsumbua. Ukiwaorodhesha watu wote waliohusika, hakuna hata mmoja aliyekuwa akiutafuta ukweli. Mama Lugano alikuwa ameshapata mtu wa kumsamehe. Mzee Ambakisye alikuwa ameshasamehewa. Watu sitini walikuwa wakisubiri kuanza kazi Jumamosi. Angenyamaza kwa ajili yao, na kunyamaza kungekuwa huruma. Lakini kila alipolitamka neno huruma moyoni mwake, alimwona na yule fundi wa kike, yaani yeye mwenyewe, amesimama katikati ya hao wanaohurumiwa, leseni yake mfukoni, akiwa ndiye mwenye faida kubwa kuliko wote. Alijaribu kumtoa hapo ili aone kama huruma ingebaki. Hakuweza kujua. Mtu mwenye hatia hawezi kupima huruma yake mwenyewe. Kipimo anakishika yeye.

Mwishowe alichomoa ufunguo wa mashine, akautia mfukoni, akapanda pikipiki yake ya umeme na kuondoka bila kuaga. Alijiambia kwamba anakwenda kuwauliza wenyewe.

*

Shamba la Mama Lugano lilikuwa Itondo, mwendo wa nusu saa, kwenye mteremko wenye udongo mweusi. Kila Alhamisi Mzee Ambakisye alikwenda kumlimia. Alianza wiki ileile aliyotoka gerezani. Mara ya kwanza mama alimfukuza na kumtukana mbele ya majirani. Akarudi Alhamisi iliyofuata, akaanzia mwisho wa shamba, mbali na nyumba. Mwaka mzima hawakusemezana. Siku moja mama alimpelekea uji, akauweka juu ya jiwe na kuondoka. Hiyo ilikuwa miaka mingi nyuma. Sasa waliitana kaka na dada, na mama alipougua mwaka jana, mzee ndiye aliyekaa naye hospitali.

Tusekile aliwakuta wote wawili wakipandishia udongo viazi. Mzee alikuwa mrefu, amepinda kidogo mgongoni. Mama alikuwa amejifunga khanga mbili kwa sababu ya baridi.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Mama alimtazama kwa kukunja macho. "Wewe si yule fundi wa kwenye bustani? Karibu. Kaa hapo kwenye gunia."

"Nitasimama, mama."

"Basi kama ni habari ya Jumamosi, mwambie mkurugenzi nguo nimeshafua."

Tusekile alikuwa amepanga maneno njia nzima. Alikusudia kuanza kwa mbali, aulize kama mtu akiwa na habari ya zamani ni vizuri aiseme au aiache. Alipofungua mdomo yakatoka yote kwa mara moja. Aliwaeleza kuhusu chuma na jinsi kinavyosomwa. Aliwaeleza saa ya breki. Aliwaeleza matundu mawili meupe, na mvua, na karatasi aliyoitia sahihi, na jina lililokuwa kwenye karatasi hiyo. Alipomaliza alikuwa anahema kama aliyepanda mlima.

Mzee Ambakisye ndiye aliyesema kwanza, kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. "Hapana, mwanangu. Nilichelewa. Nilikuwa nimegeuka kupokea kikombe cha chai. Nakumbuka."

"Hukuchelewa, mzee."

"Nakikumbuka kikombe. Kilikuwa cha bati, kimebonyea mdomoni."

"Kikombe kilikuwepo, sikatai. Lakini mkono wako ulikuwa umeshabonyeza. Chuma kimehesabu mpaka sekunde."

Mzee alitazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa na udongo hadi kwenye kifundo. Aliugeuza, akaugeuza tena.

"Waliniuliza mara nyingi sana," alisema. "Siku nne. Mwanzo nilisema sikuchelewa. Halafu wakanionyesha karatasi zao, nikaanza kukumbuka kikombe." Akamgeukia Tusekile. "Wewe umejua lini?"

"Leo asubuhi." Halafu akaona jibu hilo halikutosha. "Chuma kimeniambia leo asubuhi. Mwenyewe nadhani nimekuwa nikijua, mzee. Nilikuwa nazunguka pembeni yake."

"Mke wangu alikufa nikiwa ndani," alisema mzee. Sauti yake haikupanda. "Alikufa akijua mumewe ameua mtoto wa watu. Alikuja kunitazama mara ya mwisho, akaniuliza, hivi ulikuwa unaharakia chai ya nini? Sikuwa na la kumwambia."

Alilaza jembe kwenye mfereji, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Kaka Ambakisye," mama aliita.

"Naomba niende kwanza, dada."

"Kaa unywe hata maji."

"Nitakuja. Siyo leo."

Alipita katikati ya viazi, akavikanyaga, yeye aliyekuwa akiruka kila shina. Walimtazama mpaka akapotelea kwenye kona ya barabara.

Mama Lugano alikaa chini kwenye udongo. Tusekile hakujua pa kuweka mikono yake. Aliifungua zipu ya koti, akaifunga.

"Nilimwita muuaji," mama alisema hatimaye. "Pale kwenye geti la bustani, watu wote wanasikia. Nilimwombea afie gerezani. Halafu nikaanza kazi ya kumsamehe, na ile ni kazi, mwanangu, wewe huijui. Unaamka asubuhi umeshasamehe, jioni huna tena, kesho unaanza upya. Miaka. Mpaka ikafika siku namwona anakuja nafurahi. Na sasa unaniambia hakukuwa na kitu cha kusamehe. Mimi ndiye ninayepaswa kumwomba yeye msamaha."

"Mama, naomba..."

"Usiniombe kitu. Leo usiniombe kitu."

"Sikuja kuomba. Nilikuja kuuliza." Tusekile alilisikia linavyotoka na bado akaendelea. "Chuma bado hakijalazwa. Nikibonyeza swichi, kila kitu kinafutika, Jumamosi inaendelea kama ilivyopangwa. Kama nyinyi mngependa ibaki ilivyo, mimi..."

Mama aliinua uso. "Ulikuja nikuruhusu unyamaze."

Tusekile aligeuza macho kwenye matuta ya viazi.

"Umeshaniambia, halafu unaniuliza kama uniambie. Ningekuruhusu, ungetoka hapa ukasema, mama mwenyewe amekataa. Ungelala vizuri." Aliyasema bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwanangu alikuwa akilala chali, mikono juu ya kichwa, tangu akiwa mchanga. Nani anakuuliza wewe unalalaje?"

Tusekile aliinama, akaokota jembe la mzee. Hakufikiri. Ulikuwepo mstari wa viazi ambao haukumalizwa, na mikono yake ilitaka kufanya kitu.

"Liweke chini," mama alisema.

"Nikumalizie tu hapa, mama."

"Liweke. Sitaki mwingine aje kunilimia miaka minane. Udongo wangu hauhitaji watu wenye hatia." Alijiinua kwa kushika goti. "Wewe una mahali pa kusema. Ile karatasi uliyoiandika uliiandikia ofisi, hukuniandikia mimi. Nenda kawaambie wao. Na uende leo, maana namwona huyo mkurugenzi wako hatasubiri."

*

Ofisi ya Ukaguzi wa Mitambo ilikuwa ikifungwa saa tisa na nusu. Tusekile aliingia saa tisa na dakika kumi na tano, udongo wa Itondo kwenye viatu vyake, na simu ikitetemeka mfukoni bila kukoma. Hakuhitaji kuitazama ili ajue ni nani.

Karani aliyekuwa mapokezi alikuwa dada wa makamo aitwaye Atupele, tayari ameshaning'iniza mkoba begani. Alimsukumia fomu bila kuuliza mengi. Zuio la mtambo lilihitaji sababu, mahali, jina la mlalamikaji na jina la mlalamikiwa. Likipigwa mhuri leo, hakuna fundi ambaye angegusa kiungo kile kesho, awe wa Iringa au wa kwingine, mpaka wakaguzi wakisome wenyewe.

Tusekile aliandika akiwa amesimama, karatasi juu ya kaunta. Kwenye sababu aliandika mistari mitatu, akaikata, akaandika miwili. Leseni yake aliitoa mfukoni ili anakili namba, na alipomaliza hakuirudisha, aliiacha juu ya fomu.

Atupele alipitisha macho haraka, kalamu mkononi, kama mtu anayetafuta nafasi tupu ili arudishe karatasi na aende zake. Akasita.

"Hapa umekosea, dada. Umeandika jina lako sehemu zote mbili. Hii ni ya mlalamikaji. Huku unaandika yule unayemlalamikia."

"Sijakosea."

Karani alimtazama. Kisha akarudi juu ya fomu na kuanza kuisoma upya, safari hii taratibu, midomo ikicheza. Alipofika mwisho aliushusha mkoba begani, akauweka sakafuni.

"Lugano wa Itondo?" aliuliza. "Yule wa Tetemesha?"

"Ndiye."

"Mhuri wa zuio anao mkaguzi peke yake. Yuko nyuma, anafunga. Usiondoke."

Alitoka kwa mwendo wa nusu kukimbia, viatu vikigonga kwenye korido. Tusekile alibaki peke yake. Kulikuwa na benchi nyuma yake na hakukaa. Alitembea hadi dirishani, akarudi kwenye kaunta, akaenda tena dirishani. Mlango ulikuwa wazi na pikipiki ilikuwa pale nje, na alihesabu hatua, zilikuwa kumi na mbili. Simu ilinyamaza, ikaanza upya.

Sauti zilisikika kwenye korido, ya karani na nyingine nzito ya mwanamume. Mkaguzi aliingia na funguo mkononi, mzee wa nywele nyeupe ambaye hakumfahamu. Aliichukua fomu, akaisogeza mbali na macho ili aisome, akaona leseni iliyokuwa juu yake, akaiweka pembeni kwa uangalifu.

"Haya maelezo ni mafupi," alisema. "Nieleze mwenyewe. Anzia mwanzo."

Tusekile aliushika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili.

"Nilikaza boliti nne," alisema. "Nikaandika sita."